Gari la Moshi la Dirishani

Mpaka nilipotakiwa kutengeneza gari la moshi, nilikuwa sijaliona hata moja kwa macho yangu. Kwetu Unguja hakuna. Lilikuwapo zamani, enzi za ukoloni, likitoka karibu na Ngome, likijipenyeza Malindi baina ya nyumba na nyumba, likenda zake Bububu. Kisha reli ikang'olewa na watu wakasahau. Nililichagua hilo kwa ukaidi tu. Wenzangu darasani walichagua papa, jini, mchezo wa mpira. Nilipotaja gari la moshi kijana mmoja alicheka, akasema Zanzibar haijapata kuwa na kitu hicho, na mimi mtu akinicheka kwa jambo ninalolijua, damu hunipanda mpaka masikioni. Hapo hapo nikamwambia mwalimu aniandikie gari la moshi la Bububu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mafunzo yetu yalikuwa katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Shangani, kompyuta zimepangwa ukutani, feni inazunguka kwa kujilazimisha. Tukijifunza kutengeneza katuni za kompyuta. Unajenga kitu humo ndani, unakipa rangi, unakitembeza, halafu unaweka kamera isiyoshikika kwa mkono, nayo kompyuta inakuchorea picha moja moja kile ambacho kamera ile ingekiona. Kila mwanafunzi alitakiwa kutoa filamu fupi ya kama dakika moja, ionyeshwe mbele ya wageni na wazee wetu siku ya kumaliza.

Mwalimu alikuwa Muhindi wa hapa hapa mjini. Baba yake alikuwa na duka la kupiga picha, naye alikwenda kusoma nje akarudi na kitambi na subira. Hakuturuhusu kugusa kompyuta kabla ya kuchora shoti zetu, vipande vya filamu, kwenye karatasi, kila shoti kisanduku chake. "Kamera ni mtu," alikuwa akituambia. "Mnambie ni nani, kasimama wapi, na kwa nini kasimama hapo." Mimi nilichora visanduku vyangu kwa mbwembwe. Shoti ya kwanza kutoka juu ya ukuta wa Ngome. Ya pili kamera imelala relini, gari linaijia usoni. Ya mwisho nje ya nyumba moja ya Malindi, gari linasimama, moshi unatanda, mlango unafunguka.

"Huyu aliyelala relini nani?" mwalimu akauliza. "Kwao hawamtafuti?"

Darasa zima likanicheka. Nikakikata kile kisanduku, lakini ile shoti ya mwisho, ya nje ya mlango, nilijiapia kuwa haitoki.

Nyumba ile niliijua kwa kusimuliwa. Ndiyo nyumba aliyozaliwa bibi yangu, mama mzaa baba, zamani hizo gari la moshi lingalipo. Yeye sasa alikuwa akikaa Michenzani, katika yale majumba marefu, na miezi ile alikuwa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani. Babu alikuwa amefariki. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukaa naye, kwa kuwa sijaolewa na masomo yangu yalikuwa ya asubuhi. Shangazi, dada yake baba, alikuja kila siku na chakula na amri zake. Kila kitu kilikwenda kwa desturi. Bibi alivaa nguo nyeupe, hakutia wanja wala udi, hakutoka mlangoni, hakuonekana na mwanamme asiyekuwa maharimu wake, ndugu wa damu asiyeweza kumuoa. Televisheni ilifunikwa kanga. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, akitambua mwanga na kivuli tu, lakini masikio yalikuwa mazima kuliko yangu. Akipenda kusema kuwa babu alimtoa kwenye nyumba ya mawe akaja kumtia ndani ya behewa, na kweli ukiyatazama majumba yale kwa mbali, na madirisha yake yaliyofuatana, maneno yake huwezi kuyapinga.

Alasiri moja nilimweleza kazi yangu, nikamwambia gari nililolijenga lina urefu gani na kimo gani.

"Hilo la Bara hilo!" akacheka. "Kwetu lingepita wapi? La kwetu lilikuwa dogo. Mtu aliyekaa barazani anampa abiria kahawa mkono kwa mkono."

Nilikuwa nimejenga gari ambalo lingevunja kila nyumba ya Malindi. Nikacheka naye. Yeye akawa ananisahihisha, mabehewa yako wazi ubavuni, moshi unaingia mpaka ndani ya mitungi, nguo zilizoanikwa zinapata masizi. Nilifurahi mno, maana tangu babu afe nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi kwa mara moja. Kisha akaniuliza swali lile lile la mwalimu.

"Na wewe mwenyewe umesimama wapi unalitazama?"

"Nje, bibi. Mbele ya mlango wenu."

Mkono wake ukawa unatafuta tasbihi juu ya mkeka na tasbihi iko pale pale.

"Usisimame nje," akasema.

Nikamweleza kuwa hasimami mtu, ni kompyuta tu. "Kama hasimami mtu," akasema, "basi kitakushinda nini kuiweka ndani?" Ukaidi ukanipanda. Kesho yake nikaenda nikaijenga shoti ya nje vile vile nilivyotaka.

Kuichora kulichukua asubuhi nzima. Umeme ukakatika katikati, tukaanza upya. Picha zilipotoka nikazipitisha moja moja. Gari limepunguzwa, limepita vizuri, moshi umetanda. Na pale mlangoni pa ile nyumba, nje ya kizingiti, kulikuwa na kitu cheupe. Kirefu, kimesimama wima, hakina mikono wala uso. Nikazirudisha picha nyuma, nikazipitisha tena, nacho kiko pale pale.

Mwalimu akaja akaangalia. "Pazia," akasema. "Umejenga pazia la mlango ukasahau kulipa rangi. Kitu kisichopewa rangi hutoka cheupe." Ni kweli nilijenga pazia siku za mwanzo. Nikalifuta. Lakini nilipofika Michenzani na kumkuta bibi kasimama kwenye mlango wa chumba chake, na nguo yake nyeupe, anasikiliza nani anaingia, nilisita kuvuka ukumbi. Nikamsimulia kwa kumchekesha, nami nikitaka kujichekesha mwenyewe.

Hakucheka. "Kilikuwa ndani ya kizingiti au nje?"

"Nje, bibi."

"Basi ndo yeye," akasema. Akakaa kwenye mkeka, akanambia na mimi nikae.

Nayaweka hapa kwa ufupi aliyonieleza. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto. Mama yake akakaa eda katika chumba cha juu, kile chenye dirisha la vibao linalotazama relini. Bibi alikuwa na kaka mmoja, na ami yao, ndugu wa marehemu, alimchukua yule kaka akamweka shamba, Bububu, mpaka eda ipite. Wakaahidi kuwa atakuja kumwona mama yake kwa gari la moshi. Mama, akiwa eda, hakuthubutu kuchungulia dirishani, huko chini kumejaa wanaume. Kwa hiyo alikaa kaukabili ukuta, na bibi ndiye aliyetiwa dirishani awe macho yake. Kila alasiri gari likisimama, mama akiuliza, "Nani ameshuka?" Bibi akitazama kofia na mabega ya watu huko chini, akijibu, "Bado, mama."

"Wakubwa walikuwa washajua," bibi akasema. "Kaka yangu alishikwa na homa huko huko shamba, akafa, wakamzika. Wakakubaliana mama asiambiwe mpaka atoke eda. Na sisi watoto nani angetwambia?"

"Ikawaje?"

"Siku moja kaniuliza, nikageuka nikamtazama uso. Nilichoka na ule uso, mwanangu. Nilitaka nimuone meno tu, acheke. Nikamwambia, kashuka, mama."

Mama yake aliruka. Hakuvaa viatu, hakujitanda. Alishuka ngazi akaufungua mlango wa mbele akatoka nje, mjane wa eda, kichwa wazi, mbele ya gari zima la watu. Wachukuzi wakasimama na mizigo kichwani. Wanaume wenye haya wakageukia ukuta. Yeye akawa anaingia kila behewa kwa macho, anaita jina la mwanawe. Mzee mmoja abiria, aliyetoka Bububu na akidhani kuwa mama anajua, akamwambia huku kajiziba uso, "Rudi ndani, binti. Kijana tushamzika. Mungu amrehemu."

"Hakunipiga," bibi akasema. "Bora angalinipiga."

Eda ilikwisha, na mama yake hakutoka. Hakutoka kwenda harusini, hakutoka kwenda kwa jirani. Na kila alasiri aliuliza vile vile, nani ameshuka, na bibi akajibu bado. Reli iling'olewa, akauliza. Bibi aliolewa akahamia mtaa wa pili, naye kila siku baada ya sala alirudi kwao kwenda kulijibu swali lile, mpaka mama yake alipokufa.

"Sasa ukisimama nje," akaniambia, "utamuona. Na kila atakayeangalia picha yako atamuona, kichwa wazi. Hao waliomuona siku ile wanatosha."

Nilijifungia bafuni nikalia, halafu nikamkasirikia kila mtu, wakubwa wale waliokubaliana, mzee wa behewani, hata yule ami aliyemchukua mtoto.

Asubuhi yake nilifuta shoti zote nikachora kisanduku kimoja. Mwalimu akakitazama.

"Filamu nzima shoti moja? Kamera haitembei? Wageni watalala."

"Kamera ni mtoto wa kike," nikamwambia. "Yuko dirishani juu. Mama yake yuko nyuma yake, yuko eda, hawezi kuchungulia. Kwa hiyo huyu mtoto hawezi kuondoka."

Mwalimu akavua miwani akaifuta na shati. "Basi isitembee," akasema. Tukafanya kazi pamoja, vibao vya dirisha vikikata picha vipande vipande, mapaa ya mabehewa yakipita chini, moshi unapanda kuja kwetu. Sauti tuliipata kwa kugonga sufuria na kuchemsha birika la shangazi mpaka mvuke upulize.

Siku zile zile ndipo bibi alipoanza. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, alasiri, nakuna nazi. Nikasikia kutoka chumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani ameshuka?" Nikadhani anauliza juu ya jirani aliyekuwa akiteremka ngazi. Nikamwambia, fulani, bibi, anakwenda sokoni. Kisha nikasikia nyayo. Nilipotoka nilimkuta kwenye mlango wa nje, miguu mitupu, mtandio umebaki chumbani, mkono uko juu ya komeo. Ngazini kulikuwa na sauti za wanaume.

"Bibi!" Nilimkumbatia kwa nyuma. Moyo wake ulikuwa ukipiga kama wa kuku. "Bado, bibi," nikasema, wala sijui nililitoa wapi. "Bado."

Mwili ukalegea. Akarudi mwenyewe kwenye mkeka, akaanza kuvuta tasbihi. Nilimwambia shangazi, naye akasema ni uzee na majonzi, na kizuka, mjane wa eda, asiachwe peke yake, basi. Lakini shangazi alikuwa akiondoka kabla ya alasiri. Mimi ndiye niliyebaki na lile swali. Likija nilijibu haraka, nikiwa na sabuni mikononi, nikiwa nasali nakatisha sunna. Sikuogopa kuwa bibi anapotewa na akili. Niliogopa kuwa hapotewi, kuwa kweli kuna kitu huko chini kinasimama kila siku wakati ule, na mimi peke yangu ndiye nisiyekisikia. Siku moja niliinua pazia nikachungulia barabarani. Kulikuwa na mtu anauza mihogo, na jua.

Na bado, kwa akili zangu hizi, nikamtengeneza yule mtoto aliyekufa Bububu. Nilimuuliza bibi kaka yake alikuwa na sura gani. Akafikiri sana.

"Sura sikumbuki. Nakumbuka visigino. Alikuwa akinitangulia mbio kila tunapokwenda."

Nikamjenga kwa nyuma, kanzu, kofia, visigino. Uso sikumpa, maana hakuna duniani aliyekuwa nao. Katika filamu gari linasimama, moshi unatanda, ukiondoka moshi yule mtoto ameshashuka. Kasimama kichochoroni, ametupa mgongo, anangoja. Hapo ndipo picha inapokwisha. Niliona nampa bibi kitu ambacho watu wote waliomtangulia walishindwa kumpa. Nilitaka kumuona meno, na mimi.

Siku ya kuonyesha wageni walipiga makofi. Yule kijana aliyenicheka alikuja kuniuliza kama gari lile lilikuwapo kweli, nikamwambia nenda kawaulize wa Malindi. Mwalimu akanitilia filamu kwenye kanda ya video nikaichukua nyumbani, kwani bibi asingeweza kwenda, na siku zake za eda zilikuwa zimebaki chache tu.

Shangazi alikuwepo. "Televisheni? Ndani ya eda? Umerukwa na akili?"

"Ifunue," bibi akasema kutoka kwenye mkeka.

"Mama, watu watasemaje?"

"Nimekwambia ifunue hiyo kanga."

Shangazi akaifunua, akaenda jikoni kugonga vyombo kwa hasira. Nikatia kanda kwenye deki. Nikamsogeza bibi karibu, lakini niliona anaelekeza uso pembeni, kwenye ukuta. Alikuwa ameukabili ukuta.

"Mimi sioni," akasema. "We nambie."

Nikakaa baina yake na ile televisheni nikawa namwambia. Hili dirisha, bibi, hivi vibao. Huu mwanga wa alasiri. Ile sauti ya sufuria ilipoanza, mkono wake ulinishika kifundo cha mkono. Linakuja, bibi. Linapita kwa jirani. Mapaa ya mabehewa haya. Moshi. Limesimama.

Jikoni vyombo vilinyamaza. Bibi alivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya kikongwe.

"Nani ameshuka?"

Mbele ya macho yangu moshi ulikuwa ukiondoka, na yule mtoto alikuwapo. Mimi ndiye niliyemweka pale, kofia nimeishona mshono kwa mshono, visigino nimevipa rangi mara tatu mpaka vikakubali. Nilikuwa nimelingojea swali hili na jibu lake nimelibeba kutoka Shangani. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameshakunja mguu mmoja chini yake, kama mtu anayetaka kuinuka. Mlango wa nje ulikuwa na pazia tu, umeachwa wazi kwa ajili ya upepo, na huko ngazini kulikuwa na watu wanapita.

"Bado, bibi," nikasema. "Hajashuka mtu."

Kisha akaunyoosha ule mguu, akanipigapiga kifundo changu polepole.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ungalisema kashuka, ningalitoka."

Nilimkumbatia. Nyuma yangu, kwenye televisheni, mtoto alikuwa bado kasimama kichochoroni, ametupa mgongo, mpaka kanda ikaisha.